Makindye bila ngano

Kikapu changu kilikuwa na chakula kingi kuliko nguo. Mkate wa mchele niliopika usiku wa kuamkia safari, vitumbua vya mchele niliouroweka na kuusaga mwenyewe, korosho, tende, mayai ya kuchemsha, na mfuko wa unga wa muhogo wa akiba. Kaka yangu alipokiona akasema, "Dada, Uganda ndiko kwenye chakula chenyewe." Alisema kweli. Lakini mtu mwenye ugonjwa wa siliaki haulizi tu kama chakula kipo. Anauliza kimepikwa na nini, kwenye chombo gani, na kabla yake chombo kile kilipika nini.

Tulikuwa tunatoka Mombasa kwenda Makindye, mojawapo ya divisheni tano za jiji la Kampala, ule upande wa kusini unaoteremka kuelekea Ziwa Viktoria. Mtoto wa kaka yangu alikuwa amepata mchumba huko, na sisi watu wa upande wa mume tulitakiwa kwenye kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha kijana nyumbani kwa kina binti. Sikuwahi kufika Uganda. Na tangu nigunduliwe ugonjwa sikuwahi kulala nyumba ya watu nisiowajua nikala cha jikoni kwao, tena watu wenyewe wakwe.

Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni. Watu wengi wanaila maisha yao yote wasijue kama ipo. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili huiona gluteni kuwa adui, na katika kuipiga vita huuumiza utumbo wa mwili huohuo. Ukuta wa utumbo mwembamba umejaa vijinyoya vidogo mno ambavyo ndivyo vinavyofyonza virutubisho. Ukiendelea kula ngano vijinyoya hivyo vinalika, ukuta unabaki mtupu kama taulo kuukuu lililoisha nyuzi, na chakula kinapita bila mwili kukichukua. Inakadiriwa kwamba duniani mtu mmoja katika kila mia anao, na wengi wao hawajui. Kidonge chake hakijapatikana. Tiba ni kuacha nafaka hizo tatu hadi mwisho wa maisha.

Nilikuwa nimeziacha. Kabla ya hapo nilitibiwa vidonda vya tumbo, nikatibiwa amiba, nikatibiwa homa ya matumbo, hadi daktari mmoja alipoomba kipimo cha kingamwili na kisha kamera ya tumboni. Baada ya kuacha ngano kuharisha kulikoma na kilo zikaanza kurudi. Ila mambo mengine yalikaa palepale. Tumbo lilijaa gesi kila jioni. Uchovu haukuniacha hata nikilala mapema. Vidonda vidogo vya mdomoni vilikuja na kwenda. Na miguu ilianza kufa ganzi, hasa alfajiri, nikiweka nyayo sakafuni kwa ajili ya udhu naihisi kama si sakafu ninayoikanyaga. Nilipouliza niliambiwa niendelee tu na mlo wangu. Hilo jibu nilisafiri nalo na halikuniridhisha.

Tulipanda treni hadi Nairobi, halafu basi la usiku. Busia tulishuka kwenye baridi ya alfajiri, tukapigiwa mihuri ya nchi zote mbili katika jengo moja, tukaendelea. Kukapambazuka Iganga. Baada ya Jinja basi likapita juu ya Nile kwenye daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, lile lililoning'inizwa kwa nyaya ndefu, na wasafiri wote wakageuka dirishani kuyatazama maji yakianza safari yake kwenda Misri. Najjembe, pembezoni mwa msitu wa Mabira, basi liliposimama tu wauzaji walilizunguka wakiwa wameinua mishikaki ya kuku na gonja za kuchoma hadi usawa wa nyuso zetu. Gonja ni ndizi kubwa tamu, inachomwa juu ya makaa na haiguswi na unga wowote. Nilinunua mbili, zikaniunguza vidole kupitia gazeti. Kwa mara ya kwanza tangu Mombasa nilikula kitu ambacho sikukipika, na nikala kwa moyo mtulivu.

Utulivu huo haukufika mbali. Kampala ni mji wa chapati. Kutoka kituo cha teksi cha mjini (teksi ya huko ndiyo matatu au daladala yetu, nyeupe yenye mkanda wa miraba ya bluu) hadi mzunguko wa Kibuye, na kutoka Kibuye kupanda kilima cha Makindye, kila kona ina kijana mwenye chuma cha moto, ndoo ya mayai na donge la unga chini ya kitambaa. Anakaanga mayai na nyanya na kabichi, anayalaza juu ya chapati, anakunja: hiyo ndiyo rolex, chakula cha mwanafunzi, cha dereva wa boda boda na cha karani. Nilisimama mbele ya kibanda kimoja nikatazama mikono ya yule kijana. Alitandaza chapati, akakung'uta unga uliobaki, akavunja mayai ya mteja aliyetaka mayai peke yake, akayamwaga palepale kwenye chuma kilekile. Kwa mteja yule haina neno. Kwangu mimi mayai yale yangekuwa sumu sawasawa na chapati yenyewe. Viwango vya kimataifa vinakihesabu chakula kuwa hakina gluteni kikiwa na gluteni isiyozidi miligramu 20 katika kila kilo. Kiasi hicho huwezi kukiona kwa macho, na mkung'uto mmoja wa unga unakizidi.

Hata vitu vinavyoonekana salama vinataka kuulizwa. Kabalagala, zile keki ndogo za kukaangwa zenye jina moja na mtaa mmoja wa divisheni ya Makindye, asili yake ni ndizi mbivu iliyopondwa na unga wa muhogo. Muuzaji mmoja aliniambia ndivyo anavyozifanya. Wa pili akasema yeye huongeza unga wa ngano kidogo zishikane. Unga wa uji wa mchanganyiko ni vilevile: wimbi, mtama, soya, dagaa, na mara nyingine ngano ndani yake. Kumbuka pia viungo vya mchuzi vya pakiti, soseji na mchuzi wa soya. Madaktari wa ugonjwa huu wanasema hivi: mgonjwa aliyeacha ngano na bado anaumwa, cha kwanza cha kutafuta ni gluteni iliyojificha, kwa kuwa ndiyo sababu inayoonekana mara nyingi zaidi kuliko zote. Mimi nilikwisha kuitafuta. Jikoni kwangu hapana kilichokuwa kimebaki.

Nyumba ya wakwe ilikuwa juu kilimani, na uwanja wa udongo mwekundu uliofagiwa hadi mistari ya ufagio inaonekana. Familia ni Waislamu, wana jamaa wengi Kibuli, na Kiswahili wanakisikia vizuri. Aliyetupokea ni Ssenga, shangazi wa binti kwa upande wa baba, ambaye kwa desturi ya Waganda ndiye mwenye kauli katika mambo ya ndoa. Alikuwa muuguzi wa wodi za watoto kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilimweleza hali yangu kwa unyonge wa mgeni anayetaka kukataa chakula cha mwenyeji, akanisikiliza hadi mwisho. "Nnyabo," akasema, "hapa utakula matoke. Matoke haijawahi kuona ngano."

Asubuhi iliyofuata nilikaa naye jikoni. Alimenya ndizi mbichi kwa kisu kifupi, utomvu ukimweusisha vidole, akaziangusha kwenye maji. Chini ya sufuria akapanga mashina ya majani ya mgomba yaliyokatwa vipandevipande ili chakula kisiguse maji, akazifunga ndizi ndani ya majani, akatia majani mengine juu, tabaka baada ya tabaka, akainjika. Baada ya muda mrefu akatoa lile furushi likitoka mvuke na kulikanda kwa viganja kupitia majani, akigeuza, akikandamiza, mpaka ndizi zikawa ujiuji mzito wa njano. Hakuna kijiko, hakuna chombo kilichowahi kupika kitu kingine. Sijapata kuona upishi ulio salama kwangu kuliko huo.

Ndipo nikamsimulia habari ya daktari wa New York, Sidney Haas. Mwaka 1924 aliandika kwamba watoto wenye siliaki, waliokuwa wakifa kwa kudhoofika, wanapona wakilishwa ndizi. Aliwapa ndizi nyingi, akawanyima mkate, viazi na nafaka. Watoto wakanenepa, matumbo yaliyovimba yakashuka, wazazi wakaja kutoka mbali. Kwa miaka mingi ndizi ikahesabiwa kuwa dawa. Kumbe kilichowaponya ni kile kilichokosekana sahanini. Mholanzi Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto, alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, Uholanzi ilipokuwa na njaa kali ya vita na mkate umeadimika, watoto wake wenye siliaki hawakuzidiwa kama alivyotarajia mtu, na mkate uliporudi ugonjwa ukarudi. Tasnifu yake ya 1950 ikaitaja ngano waziwazi. Baadhi ya watoto wa Haas walioambiwa wamepona walirudia mkate, na utumbo ukaendelea kuharibika kimyakimya.

Ssenga aliwaza kidogo, mikono ikiwa bado juu ya majani. Akasema wodini kwao walikuja watoto wengi wenye matumbo makubwa, nywele nyekundu na miguu iliyovimba, wengine wakapelekwa Mwanamugimu, kitengo cha lishe cha hospitali ya Mulago kilichoanzishwa miaka ya 1960. "Na wale," akasema, "ndizi walikuwa wanakula kila siku. Ndizi ndiyo iliyokuwa peke yake sahanini." Hakuwa anazungumzia siliaki. Alikuwa anazungumzia utapiamlo, mtoto aliyeachishwa ziwa akawekwa kwenye wanga mtupu. Lakini kauli ile ilinigonga. Matoke haina gluteni, na pia ina chuma kidogo, haina B12 hata chembe, na vitamini A yake haitoshi. Ndiyo maana watafiti wa taasisi ya kilimo ya Uganda, NARO, pamoja na timu ya James Dale wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland, Australia, wamefanya kazi miaka mingi kutafuta ndizi ya matoke yenye vitamini A zaidi. Chakula kinaweza kuwa salama kwako na kisikujaze.

Mimi nilikuwa nimehesabu nilivyoviacha. Nilivyovipoteza hakuna aliyekuwa amevihesabu.

Sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba ndiyo siliaki inaipiga kwanza na kwa nguvu, na hapohapo ndipo chuma kinapofyonzwa. Hivyo mgonjwa anakosa damu, anapewa vidonge vya chuma, damu haiongezeki, anapewa vingine. Katika nchi zetu upungufu wa damu una visingizio vingi vya kweli: malaria, safura, selimundu, uzazi wa karibukaribu. Siliaki inajificha nyuma ya hivyo vyote. Asidi ya foliki nayo inafyonzwa huko juu, na akiba yake mwilini ni ya miezi tu. B12 hufyonzwa mwishoni kabisa mwa utumbo mwembamba, na ini linaweka akiba ya miaka, kwa hiyo upungufu wake unakuja polepole na mtu haufikirii. Lakini kwa wenye siliaki unaonekana mara nyingi, na unapokuja unagusa mishipa ya fahamu: ganzi, kuchomwachomwa, kusahau, kuyumba. Vitamini A, D, E na K zinasafiri na mafuta, na utumbo ulioshindwa kufyonza mafuta unazitoa zote chooni. Kalisi inaifuata D, na mifupa inalipa. Zinki inapungua, na vidonda vinachelewa kupona.

Na kuacha ngano, ambako hatuna budi, kunaondoa kitu kingine tusichokitazamia. Uganda, kwa kanuni za mwaka 2011, inawataka wasagaji wakubwa watie virutubisho kwenye unga wa ngano na wa mahindi: chuma, zinki, asidi ya foliki, vitamini za kundi B. Anayekula mkate na chapati anaipata sehemu hiyo bila kujua. Asiyekula anaikosa. Anahamia posho, yaani ugali wetu, na hapo mambo yanategemea unga umetoka wapi, kwa sababu sharti lile linawahusu wenye vinu vikubwa, siyo vinu vidogo. Ssenga alinipeleka Kisenyi kununua mahindi na wimbi, mtaa wa vinu ambako watu ni weupe kwa unga mpaka kope. Unga unaopendwa ni ule mweupe kabisa, uliokobolewa ganda na kiini, na huko kwenye ganda na kiini ndiko virutubisho vilikokuwa. Nilinunua mahindi yasiyokobolewa. Hayo na wimbi nilivichagua vikiwa vizima, nikavipepeta na kuvisaga nyumbani kwa mashine ya Ssenga, kwa kuwa kinu kinachosaga nafaka za kila mtu sikiamini.

Kuhusu chai nilitaka kubisha. Nyumba ile chai inapikwa kwa maziwa matupu, tangawizi nyingi na majani, na mgeni hamalizi kikombe kabla ya kuongezewa. Nami kwetu ni mtu wa chai ya maziwa asubuhi na jioni. Ssenga aliona tumbo langu lilivyovimba baada ya magharibi, akaniuliza kama maziwa nimewahi kuyaacha. Sikuwa nimewahi, mkazo wangu wote ulikuwa kwenye ngano. Akasema Kampala hilo linajulikana tangu zamani. Nilifuatilia baadaye nikakuta ni kweli: mwaka 1966 G. C. Cook na S. K. Kajubi walichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi wao wa makabila ya Uganda, wakaonyesha kwamba Waganda na Wabantu wengine wengi, wakiwa watu wazima, hawana kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari ya maziwa, ilhali wengi wa jamii za wafugaji wanacho. Kimeng'enya hicho kinakaa kwenye ncha za vijinyoya vya utumbo. Kwa hiyo mwenye siliaki anaweza kukikosa mara mbili, kwa kuzaliwa na kwa kuharibika. Nikahamia chai ya mkandaa, maziwa nikayabadilisha kwa mtindi kidogo, na gesi ya jioni ikapungua mno hata kabla hatujaondoka Makindye.

Akanigombeza pia, kwa heshima, kwa kunywa chai pamoja na kidonge cha chuma. Majani ya chai yanakifunga chuma kisifyonzwe. "Kunywa na pasheni," akasema, na mti wake wa pasheni ulikuwa umetambaa kwenye uzio mzima. Vitamini C inakisaidia chuma kuingia.

Siku ya kwanjula wanawake wa upande wetu tulivaa gomesi, gauni refu la kike la huko, wanaume kanzu na makoti. Tuliingia kwa mstari, vikapu vya zawadi kichwani, tukapiga magoti kwenye mikeka. Kikapu changu kilikuwa na sukari, sabuni na mikate ya kununua. Kaka aliogopa kwa niaba yangu, nikamtuliza: gluteni hudhuru ikimezwa, kuibeba hakumdhuru mtu. Wasemaji wa pande zote mbili walishindana kwa methali na mafumbo hadi jua likageuka. Chakula kilipofunguliwa niliiona hatari yake mara moja. Meza ni moja, ndefu, kijiko kilichotoka kwenye sinia la chapati kinaingia kwenye pilau. Ssenga alikuwa amelifikiria hilo kabla yangu. Alikuwa ameniandalia luwombo yangu peke yake, kuku aliyepikwa ndani ya jani la mgomba na mchuzi wa karanga za kusaga, akanifungulia mwenyewe mbele yangu, mvuke ukapanda na harufu ya jani lililochomwa kidogo motoni. Pembeni yake aliweka dodo, maharage, kipande cha ini, mukene waliokaangwa, na kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa.

Nataka kuieleza sahani ile kwa kuwa ilipangwa na mtu anayejua. Ini lina chuma kinachofyonzwa kwa urahisi, na vitamini A, foliki na B12. Mukene ni dagaa wa Ziwa Viktoria, unawala na mifupa yao, kwa hiyo ni kalisi pamoja na B12. Dodo ni mchicha, na maharage yana foliki na chuma, na nyuzinyuzi ambazo mlo usio na ngano mara nyingi unazikosa hadi mtu anafunga choo. Viazi vya rangi ya chungwa ni kazi ambayo Mganda Robert Mwanga alishiriki kuifanya, akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 pamoja na wenzake watatu, kwa sababu kiazi kimoja kidogo kinaweza kumtosheleza mtoto vitamini A ya siku. Vyote vinauzwa sokoni kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Biskuti za dukani zilizoandikwa hazina gluteni, zile zinazoletwa kutoka ng'ambo, ni ghali, na mara nyingi ni wanga na sukari tu.

Hata hivyo sahani haiwezi kujaza shimo ambalo limechimbika miaka, na hapo Ssenga hakunibembeleza. Alinipeleka kupimwa damu. Hemoglobini yangu ilikuwa chini kidogo, akiba ya chuma chini kabisa, B12 chini, vitamini D chini. Hiyo ya mwisho ilinishangaza, mtu wa Mombasa, mpaka nilipojitazama: buibui kutoka shingoni hadi kisigino, na ndani ya nyumba saa za jua kali. Daktari alianza na B12 kwa sindano, kwani tumbo langu lisingeaminika. Maji yake ni mekundu, unaona rangi kabla hujahisi uchungu. Akasisitiza jambo ambalo ningependa kila mwenye siliaki alisikie: usianze asidi ya foliki peke yake wakati B12 haijapimwa. Foliki inaweza kuirekebisha picha ya damu ikapendeza, huku mishipa ya fahamu inaendelea kufa.

Akaniambia pia nisitazamie haraka. Utafiti wa Mayo Clinic ya Marekani uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata watu wazima walioacha gluteni: baada ya miaka 2 utumbo ulikuwa umepona kwa takriban thuluthi moja yao tu, na baada ya miaka 5 kwa thuluthi mbili. Ikiwa dalili zinaendelea, kuna mengine ya kuchunguza: bakteria waliozaliana kupita kiasi kwenye utumbo mwembamba, kongosho linalotoa vimeng'enya haba, uvimbe wa utumbo mpana unaoonekana kwa hadubini pekee, na huku kwetu kimelea giadia na minyoo. Mara chache, kwa watu wachache, ugonjwa unakataa kutii hata bila ngano, na huo unahitaji bingwa wake. Yapo majina na vipimo vya kila kimoja. "Endelea na mlo wako" halipaswi kuwa jibu la mwisho la daktari yeyote.

Nimesikia ikisemwa, hata na wasomi, kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1999 ilichapishwa habari ya watoto wa Kisaharawi, Waafrika wa Sahara Magharibi: zaidi ya 5 katika kila 100 waliopimwa walikuwa nao, kiwango cha juu kuliko chochote kilichokuwa kimeripotiwa hadi wakati huo. Walikuwa watu wa maziwa ya ngamia na tende, halafu vita na kambi za wakimbizi zikawaingizia ngano ya msaada kuwa chakula cha kila siku. Sisi nasi tunazidi kuhamia kwenye mkate, chapati, mandazi na tambi kila mwaka.

Kulikuwa na mjukuu wa Ssenga pale nyumbani, binti wa darasa la pili, mwembamba, tumbo mbele, macho meupe ndani ya kope. Vidonge vya chuma alikwisha kumeza vingi. Baada ya mazungumzo yetu mama yake alitaka amwachishe chapati siku hiyohiyo. Nilimwomba asifanye hivyo kwanza. Kipimo cha kingamwili za siliaki husoma mapigano yanayoendelea mwilini. Ukiondoa ngano kabla ya kupima, kingamwili zinashuka na majibu yanaweza kutoka safi huku mtoto anaumwa, na kumrudishia ngano baadaye ili apimwe upya ni mateso. Aendelee kula kama kawaida, apimwe kingamwili ya tTG pamoja na jumla ya kingamwili za IgA, na choo chake kipimwe pia.

Damu yake ilichukuliwa kwenye maabara binafsi mjini na ikabidi ipelekwe nje ya nchi. Tulikuwa tumekwisha kurudi Mombasa Ssenga alipopiga simu. Siliaki haikuonekana, na IgA yake ilikuwa ya kutosha kuyaamini majibu hayo. Kwenye choo kulikuwa na giadia. Alipewa dawa, chuma kikaanza kushika, na chapati anakula. Mimi nilikuwa nimemaliza sindano za kwanza, ganzi imeondoka kwenye nyayo ikabaki kwenye vidole tu, na vipimo vya marudio nimeviandikia tarehe. Akaniuliza kama D nimeanza kuimeza, nikamwambia ndiyo, Ssenga, pamoja na chakula chenye mafuta kama ulivyoniagiza. Akasema vizuri, na akanitajia bei ya mukene wiki ile, kwamba ameshuka, aninunulie debe zima ampe dereva wa basi.